Projekta tatu, jicho moja

Haya wadau karibuni, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana kuna vitu nataka mvione kwa karibu. Kabla sijawasha projekta hata moja naomba niwaonyeshe hii futi kamba, kwasababu miezi yote niliyohangaika na hii kitu pale nyumbani Tabata, kucheza gemu ya mbio za magari na projekta tatu zinazonizunguka, kila kosa nililofanya nikilifuatilia linarudi hapahapa, nilinunua kwanza nikapima baadae. Watu wakinipigia simu swali la kwanza ni ninunue projekta gani, na mi nawauliza, ukishakaa kwenye kiti jicho lako lipo wapi? Sentimita ngapi toka chini, sentimita ngapi toka ukutani? Ukishalijua hilo ndo tuongee projekta.

Mtu yeyote hapa ambaye ameshacheza gemu ya magari kwenye tivi ya kawaida anajua, kona inakuja, unadhani bado iko mbali, unakanyaga breki, umeshachelewa. Au kinyume chake, unawahi kila kona na huelewi wenzako wanawezaje. Mara nyingi tatizo sio mguu wako, ni pembe ya kuona, yani upana wa kile gemu inachokuonyesha. Tivi ikiwa ndogo na iko mbali, watu wanaipanua ile pembe kwenye setting ili waone pembeni, sasa kila kitu kinakuwa kidogo, kinaonekana kiko mbali kuliko kilivyo na spidi inaonekana kubwa kuliko ukweli. Macho yanadanganywa halafu unailaumu gari. Projekta tatu dawa yake ni hiyo, unapata digrii 180 kwa saizi ya kweli, mtu akikupita kulia unamuona kwa pembe ya jicho kama barabarani vile.

Na wazo lenyewe sio la vijana wa gemu. Mmarekani mmoja anaitwa Fred Waller wakati wa vita kuu ya pili alitengeneza mtambo wa projekta tano kwa ajili ya kuwafundisha walenga shabaha wa kwenye ndege, yani simuleta kabisa, mashine ya kuigiza kitu halisi, na baadae akaleta Cinerama, mwaka 1952 New York, projekta tatu, skrini imepinda kama upinde, digrii 146. Unajua kilichowasumbua? Mistari miwili pale picha zinapokutana. Wakaweka vipande vyenye meno kama kitana ndani ya projekta, vinatikisika haraka ili kulainisha ule ukingo. Miaka zaidi ya 70 imepita na mtu akiweka projekta tatu leo kitu cha kwanza kinachomkosesha usingizi ni mistari ileile miwili.

Sasa hapa ndo nina msimamo wangu na najua kuna watu hawakubaliani nao. Kwa nyumbani, usiweke skrini iliyopinda. Ile ya kupinda ni nzuri sana ukiiona, lakini inataka programu ya kupinda picha ikae sawa na ule mpindo, inataka picha ziingiliane halafu uzififishe pale zinapoingiliana, na ukifika mbio za usiku pale kwenye muingiliano weusi unakuwa na mwanga mara mbili kwasababu projekta haijui kutoa giza kamili, unaona mikanda miwili ya kijivu imesimama katikati ya giza. Mi natumia bodi tatu zilizonyooka. Fundi seremala wa Keko alinikatia kutoka kwenye shiti tatu za MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa, za futi nane kwa nne, kila bodi upana mita 1.5 na urefu wa kwenda juu sentimita 84, uwiano wa 16 kwa 9. Jicho langu liko mita 1.3 toka bodi ya kati. Ukipiga hesabu kila bodi inachukua digrii 60, basi zile za pembeni nazo unazigeuza kuelekea kwako digrii 60, tatu zinakamilisha 180 na ncha zake zinaishia sawasawa na masikio yako. Chumba kikiwa na upana wa mita tatu na kidogo kinatosha. Halafu gemu kama iRacing au Assetto Corsa zina sehemu ya kuandika vipimo hivi, upana, umbali, pembe, zenyewe zinachora picha tatu tofauti kila moja kwa pembe yake. Hakuna cha kupinda. Ukingo wa barabara unatoka bodi ya kati unaingia ya kulia umenyooka kama rula. Lakini uandike namba za kweli, namba za futi kamba.

Projekta zenyewe tafuta za kurusha karibu, uwiano 0.5, maana yake kwa picha ya mita 1.5 inakaa sentimita 75 toka kwenye bodi. Ya kawaida itakaa nyuma yako na kichwa chako kitakuwa kivuli katikati ya barabara. Ikiwa sentimita 75 inakuja mbele ya uso wako juu kidogo, unaigeuza chini juu, na zote tatu zinakaa karibukaribu, sentimita 55 toka moja mpaka nyingine, kwahiyo fremu moja tu ya bomba inazibeba zote. Fremu hiyo ining'inie darini. Mi mwanzo niliifunga kwenye kiti cha kuendeshea, nikaona nimeokoa bomba, usukani ukianza kupiga kwenye vile vituta vya ukingoni picha yote inatetemeka, dakika ishirini kichwa kinauma. Nikatoboa dari.

Nunua tatu za aina moja, na kama ni za balbu basi balbu zenye umri mmoja. Mi niliuziwa mbili mpya na moja nikaambiwa mpya, nilipowasha lami ya kushoto ilikuwa na unjano kama chai ya maziwa, haikukaa sawa na mwenzie hata nilivyogusa rangi siku nzima mpaka nilipobadilisha balbu.

Hii nayo sikilizeni vizuri. Kwenye menyu ya projekta kuna kitu cha kunyoosha picha iliyokaa upande, kistoni wanaita. Izime. Kinatupa sehemu ya pikseli na kwenye mashine nyingi kinaongeza ucheleweshaji. Chukua mfano upo Monza, ule uwanja wa mbio wa Italia, unashuka ule mnyoosho wa mwanzo na spidi 250, hiyo ni mita 69 kwa sekunde, picha ikichelewa sekunde 0.06 tu gari imeshaenda zaidi ya mita nne ambazo hujaziona. Kibao cha mita 100 kabla ya kona unachokiona umeshakipita. Picha ikikaa upande shuka kwenye kiti ukasogeze projekta kwa mkono, nusu sentimita, urudi ukae, uangalie, ushuke tena. Inachosha, jioni nzima itaenda, lakini ifanye hivyohivyo.

Kompyuta wala isiwatishe. Projekta tatu za 1080 ni pikseli 5760 kwa 1080, kama milioni 6.2, hiyo ni robo tatu tu ya 4K, ile picha ya tivi za kisasa. Ila angalia matundu ya waya wa picha, kadi nyingi za picha za kompyuta zina HDMI moja na nyingine DisplayPort, adapta ziwe za aina moja zote na ziwe zile zinazobadilisha ishara zenyewe, la sivyo skrini moja inapotea ghafla ukiwa katikati ya kona.

Rangi ya bodi, kijivu. Nyeupe inang'aa lakini bodi ya kushoto inamulika ya kulia na ya kulia inarudisha, giza lote linafifia. Na kwetu huku umeme ukikatika projekta ya balbu inazimika ikiwa na moto na feni yake imesimama, balbu inaumia, kwahiyo weka UPS, ile betri ya kushikilia umeme, japo ndogo, ya dakika tano tu ipoe. Feni ya chumba nayo usisahau, tatu hizo kila moja inakula kama wati 250 mpaka 300, ni kama umewasha pasi chumbani, na joto la Dar mnalijua.

Haya, nani anakuja kujaribu? Dada wa fulana ya bluu, karibu, vua viatu kama vina soli nene ili uisikie pedali. Kaa, egemea, usukani uvute kama unavyotaka. Subiri kwanza nisiwashe, nipime jicho. Mi ni sentimita 110 toka chini, wewe ni... 104. Basi tunanyanyua kiti sentimita sita, halafu ndo nawasha.