Chizi, yogati na aiskrimu za Uingereza: halali au haramu? Geuza pakiti!

Assalaam alaykum wapendwa, niko hapa Leicester, leo nawajibu nyinyi mnaoniuliza kila siku kuhusu chizi, hasa mama zangu wa Mombasa na Tanga ambao watoto wanakuja kusoma huku na mmeshatumiwa kule WhatsApp eti vitu vyote vya maziwa vya Ulaya ni haramu. Jamani si kweli! Maziwa yenyewe, siagi ya kawaida, mtindi mweupe usiotiwa kitu, mwacheni mtoto ale. Shida ni kile walichoongeza ndani.

Chizi ndo yenye maneno mengi. Maziwa yanagandishwa kwa renneti, na ile ya asili inatoka tumboni mwa ndama anayenyonya, sasa huyo ndama kachinjwa vipi? Hapo maimamu wamehitilafiana tangu zamani, Abu Hanifa anasema renneti ni safi hata kama mnyama hakuchinjwa kisheria, lakini kwa Shafi, na pwani yetu wengi ni Mashafi, lazima awe amechinjwa kihalali. Kwa hiyo mwanao akimkuta Mturuki anakula asimkaripie, Waturuki wengi wanamfuata Abu Hanifa, yule ana imamu wake.

Mimi chizi ya Parmigiano Reggiano siigusi kabisa, maana sheria yao kule Italia inalazimisha renneti ya ndama, hakuna njia nyingine. Ila cheddar nyingi za madukani huku zinagandishwa kwa renneti inayotokana na ukungu, ndama hayumo. Utajuaje? Ngoja nisogeze kamera... mnaiona hii V ya kijani hapa chini ya viungo? Maana yake inawafaa wasiokula nyama, basi renneti ya ndama haimo, na gelatini haimo, ile ya kugandishia inayotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama.

Gelatini ndo muangalie kwenye yogati zile nzito na mousse, maana inaweza kuwa ya nguruwe. Halafu kuna zile namba zinazoanza na E, ndo majina ya vitu vinavyoongezwa kwenye chakula: yogati ya stroberi ikiandikwa E120 iacheni, ile rangi nyekundu inatokana na wadudu, na kwa Shafi wadudu hao hawaliwi. E471 ya kwenye aiskrimu, ile ya kushikanisha mafuta na maji, ndo inatisha watu bure, inaweza kuwa ya mafuta ya mimea au ya mnyama, namba peke yake haikwambii, kwa hiyo zile orodha za kufowadiwa zinazosema kila E ni nguruwe zinawatesa watu tu na mimi zinaniudhi kweli, kumharamishia mtu alichohalalishiwa na Mungu si jambo dogo.

Ila V haizungumzii pombe! Aiskrimu ya ramu na zabibu inaweza kuwa na V na ramu imo humo humo, tiramisu nayo hivyo hivyo, lazima usome viungo vyote.

Mkiwa na wasiwasi na kitu nitumieni picha, lakini pigeni upande wa nyuma wenye viungo, wengi mnanitumia ule wa mbele wenye picha ya ng'ombe na hapo siwezi kuwasaidia.