Zamu ya mwitikiaji

Mhadhara uliotolewa kwa vijana wa muziki, Mji Mkongwe, Unguja, baada ya Alasiri

Assalaam alaykum. Kule mlangoni mnanisikia? Vyema. Kipaza sauti hiki nakionea haya kidogo, maana nimezoea kugawana kimoja na wenzangu watatu.

Kazi yangu ni kuitikia. Miaka 23 nimekaa safu ya pili kwenye taarab, nyuma ya fidla. Mwimbaji anamaliza ubeti, sisi tunapokea kiitikio, kisha tunanyamaza tunamtazama mgongo. Migongo ya waimbaji wa kisiwa hiki naijua kuliko nyuso zao. (Vicheko.)

Leo nitawasimulia waitikiaji wa bendi za roki waliopewa zamu ya kuongoza wimbo. Mtauliza mtu wa taarab na roki wapi na wapi. Sababu ni mwanangu. Anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya hotelini, kaskazini huko, na wageni wanataka nyimbo za kwao. Siku moja kaja nyumbani amenuna. Kulikoni? Ati kiongozi wa bendi kampa wimbo mmoja kila usiku auongoze yeye, naye hataki. "Mama, mimi kazi yangu kuitikia tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyonichoma. Nikamwambia kaa kitako. Niliyomwambia siku ile ndiyo nitakayowaambia leo, isipokuwa matusi nimeyatoa.

Tuanze na wa nyumbani. Pale Shangani kila siku wageni wanasimama mbele ya mlango wa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, wanapiga picha. Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Hilo kila mtembeza wageni analo mdomoni. Lakini muulize jambo moja: katika wimbo wao "Bohemian Rhapsody", ile sauti nyembamba kuliko zote, inayopaa pale katikati mpaka meno yanauma, ya nani? Atakwambia ya Freddie. Siyo. Ni ya Roger Taylor, mpiga dramu.

Sehemu ile inasikika kama watu mia wamejazana ukumbini, na waliokuwamo ni watatu. Brian May, mpiga gitaa, chini. Freddie katikati. Taylor juu. Wanaimba, wanarekodi, wanaimba tena juu ya walichokwisha kurekodi, tabaka juu ya tabaka, kwenye mkanda wa njia 24, kila njia na sauti yake. Wenyewe wamesimulia kwamba mkanda ulipita mashineni mara nyingi hata ukachujuka, ukiuinua unaona mwanga upande wa pili. Huo ni mwaka 1975, hakuna kompyuta ya kumtengenezea mtu sauti.

Hapa niseme tofauti yao na sisi. Sisi taarab tunaitikia lahani moja, sote pamoja, wanaume wakishuka chini yetu kwa oktava, yaani noti zile zile kwa sauti nzito. Mimi nikikohoa katikati ya kiitikio wenzangu wananifunika, wala hujui. Wao wanagawana: huyu anashika ya juu, yule ya kati, yule ya chini, na kila mmoja yuko peke yake katika njia yake. Akikohoa, pengo linasikika mpaka nje. Kwa hiyo mtu akikwambia mwitikiaji wa roki ni yule aliyeshindwa kuimba, mpe mstari wa kati wa wimbo wowote wa Queen aushike mwenyewe huku mwenzake anamlilia sikioni kwa sauti nyingine. Mimi nimejaribu, jikoni kwangu, na redio. Nilipotea ubeti wa kwanza.

Basi huyo Taylor, geuza santuri ile ile upande wa pili. Kuna wimbo wake, kautunga mwenyewe, kauimba mwenyewe, unahusu mtu aliyelipenda gari lake. Msicheke, mna vijana humu wanazipenda vespa zao kuliko wachumba. Inasimuliwa kwamba alijifungia kabatini mpaka wenzake wakakubali wimbo huo uwekwe pale. Na alikuwa na hesabu yake. Malipo ya mtunzi yanafuata santuri iliyouzwa, hayaulizi umepiga upande gani. Santuri ile ikakaa namba moja Uingereza wiki 9, na kila aliyeinunua kwa ajili ya Freddie akamlipa na Taylor, sawasawa, shilingi kwa shilingi. Wenzake hawakufurahi. Mimi, kwa fedha hizo, ningejifungia hata mtungini.

May naye alikuwa na nyimbo zake za kuongoza, za upole upole. Wa nne wao, John Deacon wa besi, kwenye rekodi hakuimba. Alitunga, akawapa wenziwe, na baadhi ya alizotunga ndizo zilizowatajirisha. Hilo pia ni daraja, na mwanangu nilimwambia: kama huimbi, tunga.

Sasa, wimbo wa mwitikiaji unakatwa kama kanzu. Ukimvalisha ya mtu mwingine, itamburuza au itambana. The Beatles, bendi nyingine ya Uingereza, walilijua hilo. Ringo Starr, mpiga dramu wao, sauti yake haikuwa na ngazi nyingi, na karibu kila albamu alipewa wimbo mmoja. Ule maarufu wa mwaka 1967, "With a Little Help from My Friends", wenzake Lennon na McCartney waliutunga makusudi ndani ya sauti chache anazozifikia. Iliyobaki ni noti moja ya mwisho, ya juu, ambayo aliiogopa, wakambembeleza, akaipata. Noti moja. Peter Criss wa Kiss, kundi la Marekani, mpiga dramu mwingine, sauti yake ya mikwaruzo, alikuwa na wimbo wa kumwimbia mwanamke aliye nyumbani anasubiri, "Beth". Wakauweka upande wa pili wa santuri, hawautarajii. Watangazaji wa redio wakaugeuza, na mwaka 1976 ukafika namba 7 Marekani. Kundi zima la watu waliojipaka masinzi na chokaa usoni hawakupata tena kwa Wamarekani wimbo uliopanda juu kuliko huo wa mpiga dramu.

Phil Collins nampitia haraka, kwa kuwa yeye alivuka mto kabisa. Alikuwa nyuma ya dramu za kundi la Genesis, anaitikia, na nyimbo mbili tatu kaongoza. Mwimbaji wao Peter Gabriel alipoondoka mwaka 1975 wakaita watu kuwajaribu, na Collins ndiye anayewafundisha wageni nyimbo. Unamfundisha mtu siku nzima kitu unachokiweza kuliko yeye! Mwishowe wakamtazama yeye, akawa ndiye mwimbaji.

Lakini nataka nikae kwa Randy Meisner.

Huyu alikuwa mpiga besi wa Eagles, kundi la Marekani, mmoja wa waasisi, mwaka 1971. Sauti yake ya juu ndiyo iliyokuwa dari ya uitikiaji wao. Mpole, hapendi kusimama katikati ya jukwaa, anaimba pembeni karibu na spika zake. Mwaka 1975 ukatoka wimbo ambao yeye ndiye kiongozi, "Take It to the Limit", na mwisho wake unapanda, unapanda, hadi mahali ambapo wewe msikilizaji unashika koo lako. Studio unarudia mpaka upate. Jukwaani hakuna kurudia. Watu wakaupenda mno, na walichokuwa wakikisubiri kila usiku ni ile noti. Zamu yake ikageuka zamu ya askari: mvua isinyeshe, inyeshe, koo liume, lisiume, simama getini.

Mwaka 1977, mji wa Knoxville, Tennessee, anaumwa. Akasema leo siimbi. Nyuma ya pazia wakazozana na mwenzake Glenn Frey mpaka mikono ikahusika, na mwaka haujesha ameshatoka kundini. Aliyechukua nafasi yake ni Timothy B. Schmit, mpiga besi vilevile, sauti nyembamba vilevile, na ndiye yule yule aliyewahi kuchukua nafasi ya Meisner katika kundi jingine, Poco. Mara mbili mtu mmoja kurithi kiti cha mtu mmoja! Schmit wakampa wimbo wake wa taratibu, hauna mlima wa kupanda. Ukaingia kumi bora kwao mwaka 1980, na aliuimba miaka na miaka, koo salama.

Kisa hiki mimi kinanigusa kwa sababu kwetu kisingetokea hivyo. Vikundi vyetu vikongwe, Ikhwani Safaa wa tangu 1905, Culture wa 1958, havina mwimbaji mmoja. Fulani anasimama na wimbo wake, akimaliza anarudi kitini, anamwitikia anayefuata. Hakuna anayeona kateremshwa. Na akiugua, usiku ule wimbo wake haupigwi, basi. Unapigwa wa mwingine.

Nasema hivyo, na mimi mwenyewe yamenikuta. Tulikwenda Chake Chake, arusini, na kikundi ambacho jina nalihifadhi. Mwimbaji wetu sauti imemkauka kwenye boti. Wimbo umeshaanza, bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, limekwisha, fidla zimeingia, yeye anafungua mdomo unatoka upepo. Kiongozi akanielekezea uta wa fidla. Wewe. Maneno nayajua yote, nimeyasikia kutoka nyuma miaka mingapi. Tatizo, sauti yangu nzito, na wimbo ulipangwa kwa sauti ya yule dada, juu huko. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, huwezi kumwambia bwana wa kanuni azishushe zote watu wametoa macho. Nikafanya nilichokijua: nikashuka oktava nzima, nikaimba chini ya fidla badala ya juu yake, kama ninavyowaimbia wajukuu. Ukumbi ukanyamaza. Mpigaji dumbak akapunguza mkono. Beti ya pili akainuka mama mmoja, buibui limemteleza bega moja, anakuja akicheza taratibu, akanibandika noti ya elfu kumi kiganjani. Nikaishika tu. Wanaotunzwa wanajua pa kuitia. Mimi miaka yote hiyo ninatazama migongo, sikuwahi kuona mbele wanaziweka wapi. Nikaimba wimbo mzima na noti mkononi kama mtu anayengoja chenji.

Wimbo uliofuata nikarudi kitini, nikaitikia. Watu wananiuliza ilikuwaje kurudi. Kiti kilikuwa bado cha moto.

Mwanangu sasa anaimba wimbo wake, wa tatu kabla ya mwisho. Kauchagua mwenyewe, mfupi, wa chini, na kiongozi kakubali kwamba siku koo linamsumbua hautapigwa.

Maghrib inakaribia, naona mikono miwili. Swali lako wewe wa kofia? Anauliza kama ile elfu kumi niliipata. Mwanangu, tulivyoteremka tu jukwaani kiongozi alisema tunzo za usiku ule ni za kikundi, maana mimi si mwimbaji. Baada ya wiki mbili nikapewa elfu tano. Ile tano nyingine nikaambiwa imenunuliwa nyuzi za fidla. Fidla nilikaa nyuma yake mwaka mzima baadaye, na nyuzi ni zile zile.