Shule, kazi na barua za fudistempu: ukweli wa huku Marekani

Mambo zenu jamani, karibuni tena kwenye chaneli, salamu kwa watu wangu wote wa Nyarugusu, Kasulu mjini, Uvira, Baraka, Bukavu, wale wa Nakivale na Kakuma, na nyie mlioko hapahapa Marekani mnaangalia mkiwa breki kazini. Leo naongelea kitu mnachoniuliza sana kwenye meseji, ile ishu ya fudistempu, yani pesa ya chakula ya serikali, kwa mtu anayesoma na huku anapiga kazi pati taimu, na ntaongea kwa kirefu maana nimechoka kuona vijana wetu wanaacha chuo kwa ajili ya barua moja imeandikwa Kizungu kigumu na hakuna wa kuwaelezea.

Kwanza nyie wa nyumbani, maana najua kuna mtu anasema si mko Marekani, serikali si inawalisha bure. Hapana jamani. Pesa ya chakula ipo, jina lake rasmi SNAP, inaingia kila mwezi kwenye kadi ya EBT, unaenda nayo dukani unanunua unga, mchele, nyama, maharage, mboga, ila sabuni huwezi, pampasi za mtoto huwezi, kuku wa kukaanga akiwa wa moto huwezi. Mtu mmoja anayeishi peke yake kiwango cha juu kabisa ni dola 298 kwa mwezi, hiyo ni kuanzia Oktoba 2025, na hiyo anapata yule ambaye kipato chake karibu na sifuri. Ukishaanza kazi inashuka, kila dola 100 unayoongeza kwenye mshahara wanakata kama 24 na kuendelea kwenye fudistempu. Mimi na mshahara wangu wa pati taimu hata mia mbili haifiki. Sasa wale mliokulia kambini kama mimi mnajua kadi ya rasheni, mnapanga foleni, jina lako likiwa kwenye manifesti unachukua unga na njegere zako unaondoka, hakuna anayekuuliza wiki iliyopita umefanya kazi masaa mangapi. Huku wanauliza. Na ukiwa mwanafunzi ndo wanauliza mara mbili.

Sheria yenyewe iko hivi, naomba msikilize vizuri hapa maana hapa ndo watu wanaumia. Kama una miaka 18 mpaka 49 na umejisajili chuo angalau nusu taimu, na nusu taimu vyuo vingi ni krediti 6, yani masomo mawili tu, basi moja kwa moja huna haki ya SNAP. Huna. Labda uwe na sababu mojawapo ya zile zinazokubalika, na ile ambayo wengi wetu tunaitumia ni kufanya kazi ya kulipwa masaa 20 kwa wiki. Ukiangalia vizuri utaona ni kitu cha kuumiza, kwa sababu mtu aliyeamua kusoma ili atoke kwenye msaada ndo huyo anawekewa mlima mwingine wa kupanda, na mi nasema wazi kwamba hii sheria imekaa vibaya. Waliotunga walikua wanamfikiria mtoto wa chuo ambaye baba yake anamlipia kila kitu. Hawakumfikiria binti aliyetoka Kigoma na begi la plastiki la IOM, lile shirika la uhamiaji linalosafirisha wakimbizi, huku nauli ya ndege aliyokujia bado anailipa kidogokidogo.

Sasa nikwambie hayo masaa 20 yanavyokua kwenye maisha. Hapa Louisville, jimbo la Kentucky, wengi wetu tuko kwenye maghala, mi niko kwenye vifurushi usiku. Tunaingia giza lishaingia, simu zinabaki kwenye loka huruhusiwi kuingia nayo sakafuni, unasimama kwenye mkanda maboksi yanakuja unasoma lebo unatupia kwenye mkanda mwingine, yani mabega yanakuja kulia asubuhi ukiwa kwenye basi. Unafika nyumbani saa kumi na moja alfajiri, unaoga, unalala kidogo, saa nne una darasa la anatomia. Na hiyo saa tatu asubuhi uliyokua umelala ndo saa ambayo ofisi ya huduma za jamii inapiga simu ya intavyuu ya fudistempu kwa namba usiyoijua. Ukikosa hiyo simu, wao wanatuma notisi kwamba umekosa intavyuu, na kazi ya kupiga kupanga nyingine inakua ya kwako, na ile laini ukipiga unaweza sikiliza muziki lisaa zima. Kwaiyo mi siku hizo nalala na simu juu ya mto, sauti juu kabisa.

Na kwenye intavyuu wana haki ya kukupa mkalimani bure. Hii naomba mama zetu waisikie. Ni sheria, ofisi inayopokea pesa ya serikali kuu lazima ikupe mkalimani na hulipi hata senti. Unasema tu neno moja, Swahili, please, halafu unasubiri, watakuunganisha. Usimpe mtoto wa darasa la tano akutafsirie mambo ya kipato na kodi ya nyumba, mtoto atasema yes kwenye kitu ambacho hajakielewa na ile yes inaandikwa kwenye faili. Kuna swali moja hasa linawachanganya watu wetu, wanauliza unaoishi nao mnanunua na kupika chakula pamoja? Sisi kwetu mtu akiingia ndani kwako unasema karibu mezani, hakuna anayekaa anakuangalia unakula. Ila kwenye karatasi zao kupika pamoja maana yake nyie ni familia moja na kipato chenu kinajumlishwa. Mi naishi na dada mmoja wa Fizi, yeye anafanya kazi mchana mi usiku, kila mtu ana shelfu yake kwenye friji, kila mtu ananunua vyake, ndo ukweli na ndo nilichojibu. Akinipa sahani ya sombe siku ya Jumapili haitufanyi kua familia moja. Jibu ukweli wako, lakini elewa swali kwanza.

Haya, turudi kwenye masaa. Kazi za maghala Novemba na Desemba masaa yapo mpaka unayakataa, kwa ajili ya Krismasi. Ikifika Januari yanakatwa. Mwaka jana meneja alitupanga, wiki ikawa inatoka na masaa 17, wiki nyingine 18, na si kwamba nimegoma kazi, nilikua naomba shifti kila siku hakuna. Nikapeleka cheki stabu zangu, zile karatasi za mshahara, kama kawaida wakati wa kuriniu kesi, baada ya siku kadhaa barua ikaja, imeandikwa mimi ni mwanafunzi nisiyetimiza masharti na kadi itasimama mwisho wa mwezi. Masaa mawili matatu yamepungua ndo yameondoa chakula chote, si kwamba wamepunguza kidogo, hapana, chote. Nilikaa jikoni na ile barua nikaisoma mpaka maneno yakanigomea, na wazo la kwanza lililonijia ni lile linalowajia wote, naacha chuo, naomba fulu taimu, basi.

Rafiki zangu wawili walishafanya hivyo. Mmoja alikua amebakiza semista moja tu amalize cheti cha uuguzi msaidizi. Saiv yuko ghalani masaa 40 na kipato kimepanda kidogo kiasi kwamba fudistempu yenyewe hapati tena, na cheti hana. Hii inaniuma sana jamani, yule dada alikua anashika somo la damu na mishipa kuliko sisi wote.

Mimi aliyeniokoa ni mama mmoja wa ofisi ya msaada wa ada pale chuoni. Nilienda kuuliza namna ya kuacha masomo, yeye akaniuliza, uliomba wekstadi? Nikamwambia ni nini hiyo. Basi sikilizeni, hii ndo nilitaka mchukue leo. Wekstadi ni kazi za ndani ya chuo zinazolipwa na pesa ya serikali, unakaa maktaba, unakaa mapokezi, unasaidia maabara. Na sheria ya SNAP inasema mwanafunzi aliyekubaliwa wekstadi na anatarajia kuifanya ana haki ya kupata SNAP, na HAWAKUULIZI masaa 20. Hata ukifanya masaa nane kwa wiki. Unajaza fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa ada, halafu unawaambia ofisi ya msaada wa ada kwamba unataka wekstadi, na jaza mapema maana pesa ya wekstadi inaisha, chuo kina fungu lake likiisha limeisha. Nikapata meza ya maktaba, wakaniandikia barua kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, nikaipandisha kwenye potali ya ofisi, nikapeleka na kopi kwa mkono nikaomba wanigongee muhuri wa tarehe kwenye kopi yangu. Kadi ikarudi. Na ghalani bado naenda, wikiendi.

Tahadhari moja hapo, likizo ndefu. Chuo kikifunga mwezi mzima au zaidi na wewe hiyo likizo hufanyi wekstadi, ile sababu inakatika mpaka semista ianze. Kwaiyo majira ya joto tafuta masaa yako 20 sehemu nyingine, au ongea na chuo mapema wakuendeleze.

Sababu zingine ziko, ntazipitia harakaharaka. Una mtoto chini ya miaka 6, umepita. Wewe ni mzazi peke yako, unasoma fulu taimu na mtoto hajafika 12, umepita, na nawajua kina mama wengi hapa wako hivi na hawajui. Una ulemavu au ugonjwa unaokuzuia kufanya kazi, umepita. Na kama masaa yako yanapanda na kushuka, serikali kuu imeruhusu jimbo lipige wastani wa mwezi au hata wa semista badala ya kuhesabu wiki mojamoja, majimbo mengine yanafanya mengine hayafanyi, uliza kesiwoka wako, yani yule anayeshughulikia kesi yako ofisini, swali hilohilo kwa maneno hayohayo. Halafu wanaosoma madarasa ya Kiingereza ya jamii au GED, ule mtihani wa kupata cheti cha sekondari, wasiogope, hayo hayahesabiwi kua elimu ya juu. Na pesa ya Pell wanayokupa chuoni kwa ajili ya masomo, hiyo haihesabiwi kipato chako kwenye SNAP, usikubali mtu akutishe nayo.

Ukipata barua ya kukatwa na unaona wamekosea, usikae kimya ukalia. Una siku 90 za kuomba usikilizwe kwenye rufaa. Na ukiomba kabla ya ile tarehe ya kukatwa iliyoandikwa kwenye barua, unaweza kuomba msaada uendelee mpaka uamuzi utoke, ila ujue ukishindwa wanaweza kukudai ile pesa. Ndo maana barua ikifika ifungue sikuhiyohiyo. Mi nina bahasha kubwa ya kaki juu ya friji, kila cheki stabu, kila ratiba ya darasa, kila barua ya ofisi inaingia mle na bahasha yake yenye tarehe ya posta.

Sasa kuna jambo zito siwezi kuliruka. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewatoa wakimbizi kwenye SNAP. Mtu akiwa na hadhi ya ukimbizi tu bila grini kadi, yani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, hapati tena, mpaka awe na grini kadi. Zamani mkimbizi alikua anapata tangu siku alipofika. Mimi yangu ilitoka kabla, namshukuru Mungu, lakini kuna familia zilizofika mwishoni mwa 2024, watoto wadogo, wamekatwa. Kama umetimiza mwaka mmoja tangu ufike na hujaomba grini kadi, tafadhali nakuomba, wiki hii nenda kwa shirika lililokupokea au wakili wa bure ujaze, usisubiri. Na mkumbuke serikali ilivyofungwa Oktoba mpaka Novemba 2025, pesa ya Novemba ikachelewa kwa watu wengi, raia na sisi, foleni za benki za chakula makanisani zilizunguka jengo. Benki za chakula hazikuulizi krediti wala masaa, nendeni bila aibu, vyuo vingi navyo vina kabati la chakula kwa wanafunzi, ulizia.

Na nyie wa Nyarugusu ambao safari zenu za kuja huku zilisimamishwa Januari 2025, wengine mlishauza vitanda na masufuria, najua mnaniangalia mnasema huyu analalamika nini wakati sisi huku rasheni yenyewe imepunguzwa. Nawasikia. Mama yangu mdogo yuko hapo, naongea naye kila Jumamosi. Ninayasema haya ili ukimpigia mwanao huku akakwambia mwezi huu sina, usidhani amekusahau, inawezekana amekosa masaa matatu tu ya kazi na mezani hana kitu. Na umuulize shule vipi. Wazazi wetu mkiuliza shule kabla ya kuuliza pesa, mtoto anapata nguvu ya kuendelea, nawaambia kwa moyo wote.

Video ijayo ntafungua FAFSA yenyewe kwenye skrini, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiswahili, mpaka mwisho. Ukinitumia swali niambie uko jimbo gani, unachukua krediti ngapi na una grini kadi au bado, usinitumie picha ya barua yenye jina na namba yako ya kesi. Haya, saa yangu ya maktaba imefika, bai.