Kobe Yule ni wa Wapi?

Nimelisema hili kila nilipopewa kipaza sauti, na leo nalirudia: hakuna kitu kinachoitwa "hekaya za Kifilipino" kwa jumla jumla. Nchi ina visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100, halafu mtu anakuletea kitabu, Mwilokano, Mvisaya na Mmaranao wote wametiwa gunia moja, hakuna aliyeulizwa kwao wapi wala hadithi ilisimuliwa watu wakifanya kazi gani.

Haya, tumchukue Kobe. Hapa nitakawia, nivumilieni.

Kobe na Nyani wanauona mgomba unaelea mtoni. Wanauvuta nchi kavu, wanaukata katikati. Nyani kwa tamaa anachukua juu, kwenye majani mabichi yanayopendeza. Kobe anabaki na kitako chenye mizizi. Wahaya na Wachaga waliomo humu naona wameshaanza kucheka! Kipande cha Nyani kinakauka, cha Kobe kinatoa mkungu. Ila Kobe hawezi kupanda. Nyani anapanda, anajikalia huko juu anazila zote, hata ganda hadondoshi. Kobe anachomeka vitu vya ncha kuzunguka shina. Nyani anashuka, anaumia, anamsaka mpaka anamtia mkononi: "Chagua, nikutwange kinuni au nikutupe majini?" "Kinuni, bwana! Kinuni! Maji nayaogopa!" Mnajua alikotupwa.

Hekaya hii José Rizal, mzaliwa wa Calamba katika nchi ya Watagalogi, aliichapisha London mwaka 1889, akailinganisha na ile ya Kijapani ya nyani na kaa. Ndiye huyo huyo daktari wa macho ambaye Wahispania walimpiga risasi tarehe 30 Desemba 1896. Wengine wanamkumbuka kwa riwaya zake. Mimi kwa mgomba.

Sasa kuna bwana atanyanyuka: "Mwalimu, kobe huyo si wetu?" Kweli, Kobe wa Unguja naye alimwambia Simba amsugue matopeni mpaka gamba litoke, akateleza zake. Nani kamwibia nani? Swali hilo halininyimi usingizi. Langu ni hili: kwa nini kule ni mgomba na kinu? Kwa sababu msimuliaji huchukua kilichopo uani kwake. Mfasiri akiandika "mti wa matunda" tu, kisa kimekufa. Hebu kateni mwembe vipande viwili mpande, mnipe habari!

Ndiyo maana naudhika. Pandeni milima ya kaskazini mwa Luzon, kwa Waifugao wa matuta ya mpunga. Hudhud, yaani tenzi zao za masimulizi, huimbwa wakati wa kupanda na kuvuna, na kwenye mikesha ya matanga. Anayeongoza aghalabu ni bibi mtu mzima, wenzake wanaitikia. Ziko zaidi ya 200, na moja yaweza kuchukua siku kadhaa. UNESCO ikaitangaza urithi mwaka 2001. Vizuri sana. Mashine ikija kuvuna, nani ataitikia kondeni? Mtasema si zimerekodiwa. Zimerekodiwa, ndiyo, zimo kabatini.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi harakaharaka: Lam-ang, shujaa wa utenzi wa Wailokano, aliyezaliwa anasema na akajipa jina mwenyewe. Bakunawa wa Visaya, joka linalomeza mwezi, watu wakapiga masufuria litapike. Pilandok wa Wamaranao, aliyetoswa baharini ndani ya kizimba, akarudi kavaa kifalme akidai huko chini kuna utajiri, sultani naye akaomba atoswe. Mliokulia kwa Abunuwasi hamhitaji maelezo. Darangen, utenzi wa Wamaranao hao hao, yenye mistari 72,000, siigusi. Mniite siku nyingine, na mnipe chai kwanza.

Aswang, zimwi la kutisha la huko, nimemwacha makusudi. Anayemtaka atampata kwenye filamu za kutisha, hana shida ya kutangazwa. Waulizeni watu wa mkoa wa Capiz, huko huko Ufilipino, walivyochoka kutaniwa habari zake.