Mabega Saba: Kahawa ya Moshi Kabla ya Makontena

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie bandari, hapa Moshi, ambako maji tunayoyajua sana ni ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. (Kicheko.) Lakini reli ya Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na tangu hapo mlima huu umekuwa na mguu mmoja baharini. Babu yangu mzaa baba alishuka na treni hiyo baada ya Vita vya Pili, kijana asiyejua hata kuogelea. Akawa kuli.

Kina cha Tanga kilikuwa kifupi. Meli kubwa zilitia nanga nje, mzigo ukazifuata kwa matishali, mashua bapa za kubebea mizigo. Sasa tulifuate gunia moja la kahawa, kilo 60. Bega la mtu linalitoa ghalani Moshi hadi kwenye behewa. Tanga bega jingine linalishusha, jingine linaliingiza ghalani, jingine linalipeleka kwenye tishali. Ubavuni mwa meli linapangwa kwenye wavu wa kamba, winchi inavuta, na ndani ya ngama, tumbo la meli, kuna genge linalopokea na kubananisha gunia kwa gunia, mawimbi yasije yakayahamisha. Babu alihesabu mabega saba. Bibi alimsahihisha kila mara: "Nane. Umemsahau aliyechota ya kujipikia."

Robota la katani halikubebwa begani. Kilo 250! Lilibiringishwa kwa kulabu, na kucha mbili za babu zilibaki huko.

Bibi mwenyewe alikuwa mtu wa Wete, Pemba. Alivuka kwa jahazi, amekaa juu ya magunia, akitapikia kanga yake mpya. (Jinsi ukoo wetu wa Kibosho ulivyompokea, huo ni mhadhara mwingine.) Hadi uzeeni, ukungu ukifunika migomba, alitoka nje na kutangaza: "Leo nchi haionekani."

Msidhani nalilia siku zile. Kuli alikuwa kibarua: hakuna meli, hakuna posho. Makuli wa Tanga waligoma mwaka 1939, na mgomo wa 1947 ulioanzia kwa makuli wa Dar es Salaam ukasambaa hadi kwa watu wa reli. Bega likiota sugu, mwenye nalo hujua thamani yake.

Mwaka 1956, huko Marekani, meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Leo kontena la futi 20 humeza magunia 320 hivi ya kahawa, likafungwa lakiri, basi. Zidisheni wenyewe mara saba.

Mwaka mmoja kabla hajafariki nilimleta babu mjini. Tukapita kwenye kontena lililogeuzwa duka. Akasimama, akaligonga ubavu mara mbili, akatega sikio.

"Humu wamepanga akina nani?"

"Mzee," akasema kijana wa dukani, "humu mna soda tu."