Gia Tatu au Gia Nne

FUNDI: Mko salama? Ni sisi wale wale, wa mbio za magari madogo ya rimoti. Mwalimu ana daftari lake, mimi nina grisi kwenye kucha tangu Jumamosi.

MWALIMU: Na daftari leo lina mambo matatu, kaka. Mafuta ya difu (zile gia zinazoacha tairi za pande mbili zizunguke kwa kasi tofauti), urefu wa chasisi kutoka chini, na kukata meno ya tairi za mbele. Tunayamaliza yote.

FUNDI: Tunayamaliza. Ila niache kwanza niseme ya Jumamosi, maana nimelala nayo siku tatu.

MWALIMU: Sema, ila kwa kifupi.

FUNDI: Raundi ya kwanza ya kufuzu, gari la kusukumwa na tairi mbili za nyuma, mota katikati, yaani mbele ya ekseli ya nyuma, giaboksi ya gia nne. Mizunguko 12, dakika 5 na sekunde 7. Mzunguko wangu bora, sekunde 24.1. Si vibaya. Lakini kila nikitoka kona na kuvuta triga ya rimoti kuongeza kasi, pua inakuwa nyepesi, gari linapanua kona. Udongo ulikuwa umeshindiliwa vizuri, una unyevu, unashika kama gundi. Basi nikakaa chini, nikafungua gari, nikafunga kasha la gia tatu.

MWALIMU: Kati ya raundi na raundi!

FUNDI: Saa moja na nusu ilikuwepo. Raundi ya pili, mzunguko bora 23.6. Nusu sekunde, dada yangu! Nusu sekunde kwa kutoa gia moja.

MWALIMU: Na jumla?

FUNDI: Mizunguko 12, dakika 5 na sekunde 19.

MWALIMU: Yaani ulichelewa kwa sekunde 12.

FUNDI: Nilipinduka mara mbili. Hiyo tutaifikia. Sasa hivi nataka watu waelewe gia moja inafanya nini, na ndiyo maana nimekuja na hii.

[mlio wa drili]

MWALIMU: Ulisema umeleta vifaa vya kurekodia.

FUNDI: Shika. Shika kwa mkono mmoja, legeza kidogo. Vuta triga ghafla.

[mlio wa drili]

MWALIMU: Imenipindisha mkono.

FUNDI: Imekupindisha upande gani?

MWALIMU: Kinyume na inavyozunguka.

FUNDI: Basi, somo ndilo hilo. Mota ikiongeza kasi kwenda upande mmoja, inasukuma chasisi kwenda upande wa pili. Na kwenye bagi, aina hii ya gari letu la mbio, mota imelala kukingama gari, kwa hiyo inachosukuma ni pua: juu au chini.

MWALIMU: Hapo sasa tuhesabu, kwa sababu watu wengi hubadilisha giaboksi bila kuhesabu. Kila meno yanapokutana, mwelekeo unageuka. Pinioni, ile gia ndogo kwenye mhimili wa mota, inakutana na gia kubwa ya nje: umegeuka mara moja. Ndani ya kasha la gia tatu kuna makutano mawili. Jumla matatu. Kwa hiyo mota inazunguka kinyume na magurudumu. Ukiweka gia nne, makutano jumla ni manne, mota inazunguka upande mmoja na magurudumu.

FUNDI: Na mota ikienda upande mmoja na magurudumu, ukivuta triga inainua pua, uzito unakaa nyuma, tairi za nyuma zinauma. Ndiyo gia nne. Kwenye udongo mkavu unaoteleza, unaitaka sana. Lakini mahali panaposhika tayari, unainua pua ya nini? Unataka tairi za mbele zigeuze gari!

[mlio wa drili]

MWALIMU: Weka chini.

FUNDI: Naonyesha tu.

MWALIMU: Tena wazo lenyewe la kuweka uzito nyuma ni la zamani. RC10, bagi ya kampuni ya Team Associated ya 1984, mota yake ilining'inia nyuma ya ekseli.

FUNDI: Na Jay Halsey akachukua nayo ubingwa wa dunia 1985, Del Mar, California. Udongo ule wa zamani ulihitaji uzito nyuma, la sivyo tairi zinazunguka bure.

MWALIMU: Halafu viwanja vikabadilika. Mazulia, nyasi bandia, udongo mgumu unaoshika. Uzito ukiwa nyuma ya ekseli, mkia unabembea na pua haigeuki. Ndipo mota ikahamia mbele ya ekseli. Mwaka 2013 kampuni ile ile ilitoa magari mawili kwa pamoja, B5 yenye mota nyuma na B5M yenye mota katikati. Mpaka leo hiyo inanifurahisha: mhandisi anakiri waziwazi kwamba uwanja ndio unaochora gari.

FUNDI: Na ndicho nilichofanya Jumamosi. Uwanja ulinichorea gia tatu.

MWALIMU: Hapo sikubali.

FUNDI: Nilijua.

MWALIMU: Ulipotoa gia moja, mota yako ilisogea. Imekaribia ekseli ya nyuma, si ndiyo? Kwa hiyo umebadilisha mambo mawili, mwelekeo wa mota na mahali pa uzito. Nusu sekunde hiyo imetoka wapi? Huwezi kusema. Na saa moja na nusu imepita, uwanja umezidi kupigwa na magari, umezidi kushika. Hilo la tatu.

FUNDI: Mkono wangu unajua. Nilihisi kwenye kona ile ya kwanza.

MWALIMU: Rota ya mota ile, sehemu inayozunguka ndani, ni nyembamba kuliko kidole chako gumba. Drili yako ina chuma kizito ndani.

FUNDI: Nyembamba, ndiyo, lakini inapanda hadi makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, na inapanda ghafla. Ukiwa hewani ndipo unaiona vizuri! Gia nne, pua ikianza kushuka, gusa triga, inanyanyuka mara moja. Gia tatu, magurudumu bado yanainua pua lakini mota inayapinga, inanyanyuka kivivu.

MWALIMU: Asante. Ulipinduka wapi?

FUNDI: ...Kwenye tuta la mara mbili, pale unaporuka kutoka tuta moja hadi la pili.

MWALIMU: Mara zote mbili?

FUNDI: Zote mbili.

MWALIMU: Ukiangukia nini?

FUNDI: Pua.

MWALIMU: Basi sekunde zile 12 ni za giaboksi. Usitumie gia tatu kujisifia 23.6 halafu ukasema kupinduka ni jambo lingine. Gari ni lile lile.

FUNDI: Hapana. Mzunguko bora unasema gari linaweza nini. Kupinduka kunasema mimi sijalizoea. Gari likinipa 23.6, kazi yangu ni kujifunza kulirusha. Nikilirudisha kwenye gia nne kwa sababu ya tuta moja, nimejifungia mlango.

MWALIMU: Na mimi nasema gari bora ni lile linalokupa dakika tano. Hakuna fainali ya mzunguko mmoja. Naangalia wastani, na nikiona mtu ana mzunguko mmoja mzuri na mingine imetawanyika, najua gari lake linamdai kila kona.

FUNDI: Likidai, nalipa.

MWALIMU: Ulilipa sekunde 12.

FUNDI: Jumamosi hii. Mwezi ujao je?

MWALIMU: Fanya hivi basi. Baki na gia tatu, lakini weka kipande cha shaba cha gramu 30 mbele, uzito urudi karibu na ulipokuwa. Endesha dakika tano, mara mbili, usiguse kingine. Hapo tutajua kama ni mwelekeo wa mota au ni uzito.

FUNDI: Gramu 30 mbele inabadilisha pia namna gari linavyotua. Jaribio lako nalo lina mambo mawili.

MWALIMU: Ni bora kuliko matatu.

FUNDI: Sitaki shaba. Nataka kujifunza tuta.

MWALIMU: Na fainali ulikimbia na gia ngapi?

FUNDI: Tatu.

MWALIMU: Ukashika nafasi ya ngapi?

FUNDI: Ya sita. Nilifuzu wa nne. Na ningerudia hivyo hivyo, nakwambia kwa moyo wote.

MWALIMU: Nimekusikia. Bado nasema kwa gia nne ungekuwa kwenye jukwaa la washindi.

FUNDI: Na mimi bado nasema hapana.

[mlio wa drili]

MWALIMU: Tumebakiwa na dakika mbili na hatujagusa hata mafuta ya difu.

FUNDI: Yaseme haraka.

MWALIMU: Hayasemeki haraka. Nina kurasa mbili za kueleza kwa nini mafuta mazito kwenye difu ya nyuma yanalinyoosha gari unapotoka kona, na pale yanapogeuka kuwa adui. Nikianza nitakatwa katikati.

FUNDI: Na urefu wa chasisi?

MWALIMU: Nao huo huo. Meno ya tairi nilikuja na tairi yenyewe, imo kwenye mfuko, nilitaka kuikata hapa hapa wasikie.

FUNDI: Ilete wiki ijayo.

MWALIMU: Naileta. Wewe acha drili nyumbani.

FUNDI: Nitaileta na kasha la gia nne, ufungue uone hiyo gia ya kati ilivyo ndogo.

MWALIMU: Na uniletee karatasi ya muda ya fainali. Mizunguko yote, si ule mmoja.