Ujitwike Godoro Lako

Wapendwa katika Bwana, wababa, wamama na ninyi vijana mliosimama kule mlangoni, nawashukuru kwa kunialika Goma kwetu, mbele ya watu wanaonifahamu. Niliombwa nieleze jinsi imani katika Kristo inavyomponya mtu na kumtoa katika dhambi. Nimechagua kukaa na habari moja tu, ile ya mwenye kupooza wa Kapernaumu katika Marko sura ya 2, kwa sababu mambo hayo mawili yanakutana humo, na ndipo wengi wetu tunapoyachanganya.

Habari yenyewe mnaijua. Nyumba imejaa hata mlangoni hapapitiki. Watu wanne wamemchukua mwenzao, wanapanda juu, wanatoboa dari na kumteremsha pamoja na godoro lake. Wote waliokuwamo walitazamia kumwona akisimama. Yesu akamwambia, "Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Wakati huo mtu yule bado amelala, miguu yake haijatikisika, na jambo lililo gumu zaidi limekwisha kutendeka.

Hapa sina budi kusema waziwazi, kwa kuwa fundisho baya limewaumiza watu katika mji huu. Habari hii haitupi ruhusa ya kumwambia kila mgonjwa kwamba anaugua kwa ajili ya dhambi yake. Wanafunzi walipouliza juu ya kipofu tangu kuzaliwa, kama ni yeye aliyetenda dhambi au ni wazazi wake, Yesu alikataa yote mawili, katika Yohana 9. Kipindupindu kilichoua maelfu ya wakimbizi hapa mwaka 1994 kilienea kwa maji machafu. Dada anayemeza dawa za SIDA, yaani UKIMWI, akaambiwa katika chumba cha maombi azitupe ili aonyeshe imani, anadanganywa, na anayemdanganya atatoa hesabu mbele za Mungu. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, alikuwa mtoto alipofuatana na baba yake kuwaombea wagonjwa. Aliona kwamba baba anaomba lakini hatoi dawa, akaazimu kuwa daktari. Sala ile haikupunguziwa kitu na uamuzi huo.

Hata hivyo ipo dhambi inayomla mtu kweli. "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa," yasema Zaburi ya 32, na maneno hayo nayafahamu kwa mwili wangu. Mwaka 2021 nilikuwa mtunza fedha wa likelemba, yaani mchango wa kupokezana fedha kwa zamu, ya wamama wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Dola 280, zamu ya mama mmoja, nilikuwa nimekwisha kuzila. Tarehe 22 Mei volkano ya Nyiragongo ililipuka, tarehe 27 tukaamriwa kuhama, watu wakafurika njia ya Sake na vitu vyao kichwani. Niliporudi nikasema kwamba fedha zimepotea njiani. Niliaminiwa, maana ni nani siku zile hakupoteza kitu? Tangu hapo usingizi ulinikimbia. Usiku moyo ulidunda hata nikakaa kitandani. Nilipimwa mara mbili, ugonjwa haukuonekana. Na kila Jumapili nilisimama na kwaya nikaimba.

Nilitubu mara nyingi, peke yangu, gizani, kwa machozi. Nilidhani ninatubu, kumbe nilikuwa ninamwomba Mungu nisijulikane. Nilichokosa ni kuamini kwamba lile neno, umesamehewa, lilitangulia, kwamba yule wa Kapernaumu hakusimama ndipo akasamehewa, bali alisamehewa ndipo akasimama. Aliyekwisha kupokelewa na Kristo anaweza kustahimili kuaibika mbele ya mama muuza samaki. Asiyeamini hilo atajificha mpaka kaburini. Ndiyo maana Yakobo anaagiza, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Na ndiyo maana Yesu hakumwambia yule mtu aliache godoro lake pale chini, bali alisema, "Ujitwike godoro lako." Kile kilichombeba miaka yote, sasa atakibeba yeye, akipita katikati ya watu wote.

Nilimkuta mama yule asubuhi, anaanika sambaza juu ya wavu. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kugeuza samaki. Akasema, "Papa, nilijua. Njia ya Sake nilikuwa nyuma yako, na mfuko wako sikuuona ukianguka. Nilikuwa naomba useme mwenyewe." Kisha akafuta mikono kwenye kikwembe, akaniletea daftari ya likelemba, akaniambia niandike deni kwa mkono wangu, jina langu juu. Nililipa dola 20 kila mwezi, kwa miezi 14. Usiku wa kwanza niliolala mpaka jogoo awike, lilikuwa limebaki deni la dola 220.